Ule mvumo wa kinanda umemzidi umri nyanya yako

Watu wangu, leo tuongee kuhusu ule "mmmmmm" unaotoka kwa spika kabla mtu hajagusa kinanda. Hapa Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, kila harusi, kila ibada ya vijana, uko tu. Na kila mara anayelaumiwa ni mpiga kinanda, ama kinanda chenyewe, eti ni cha bei rahisi. Manze, hapana. Kesi hii ni ya zamani sana.

Anza na umeme. Mombasa na Nairobi zilikuwa na kampuni mbili tofauti za umeme, zikaunganishwa 1922 kuwa East African Power and Lighting. Tulirithi mfumo wa Kiingereza: umeme unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Hiyo 50 iko karibu kabisa na noti ya G ya besi ya chini. Marekani ni 60, kwa hivyo mvumo wao uko juu kidogo. Yaani spika zetu zinaimba noti tuliyopangiwa na mkoloni, na hakuna anayecheka.

Sasa mvumo unaingiaje? Telegrafu za zamani zilitumia waya mmoja tu, umeme ukarudi kupitia udongo. Simu zilipokuja zikaiga hivyo hivyo, zikawa zinasikia kelele za kila waya jirani. Alexander Graham Bell akapata hataza 1881 ya dawa yake: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kelele inaingia kwa zote mbili sawa, kifaa cha mwisho kinachukua tofauti kati yao, kelele inajifuta. Akili hiyo ya 1881 ndiyo iko ndani ya waya wa maikrofoni wenye pini tatu. Waya wa kawaida wa kinanda hauna. Una njia moja ya sauti na ganda la nje, basi.

Kisa cha huku kwetu ni hiki: mixa imechomekwa soketi ya mbele, spika zenye amplifaya ndani zimechomekwa soketi ya nyuma ya ukumbi. Zote zina waya wa ardhi, halafu waya wa sauti unaziunganisha tena. Umepata duara. Umeme kidogo unazunguka kwenye ganda la waya wa sauti, spika inaukuza. Ukiunganisha kinanda na laptopu inayochajiwa, unaweza kuongeza duara lingine.

Hapa ndipo nakasirika. Fundi anakuja, anakata pini ya ardhi ya spika, mvumo unaisha, analipwa, anasifiwa. Buda! Plagi ya pini tatu mraba ni kiwango cha Uingereza cha 1947, na ile pini ndefu ina kazi mbili: inafungua vifuniko vya soketi, na inaupa umeme uliovuja njia ya kwenda chini. (Sisi tunafungua vifuniko na kalamu. Mnajijua.) Ukiikata, njia inayobaki ni mwimbaji. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 akigusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya waya wa ardhi. Kwaya yetu ina watoto wa darasa la nne wanaoshika maikrofoni ya chuma.

Niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii. Chomoa waya wa sauti kwa spika: mvumo ukinyamaza, shida iko kwa muunganisho. Chomeka mixa, kinanda na spika kwa ekstensheni moja nzima, kutoka soketi moja yenye ardhi. Kama laptopu ndiyo mchawi, iache ikitumia betri. Weka waya wa sauti mbali na nyaya za umeme. Zikikutana, zikatane kama msalaba. Bado? Nunueni kisanduku cha DI chenye transfoma, kikae karibu na kinanda: sauti inaruka kwa sumaku bila chuma kugusana, kisha inaenda kwa mixa na zile nyaya mbili za Bell. Kina swichi ya kukata ardhi ya waya wa sauti pekee, ile ya plagi haiguswi.

Kamati ya harusi ya mwezi ujao, hiyo pini iliyokatwa ibadilishiwe plagi kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Nitakuja na bisibisi.