Ugwe wa Duara na Matanuri ya Ufipa

Wasafiri wengi wanaoifahamu Kipili wanaifahamu kwa visiwa vyake na kwa MV Liemba, meli iliyopita mwambao huu wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Mimi huifikiria kwa sababu nyingine. Kipili iko Nkasi, na Nkasi ni nchi ambamo kanuni moja ya jometri tuliyoikariri kidato cha tatu ina kazi ya kweli ya kufanya.

Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma. Juu kwenye uwanda walijenga malungu, yaani matanuri marefu ya udongo wa kichuguu, mengine yakizidi kimo cha mtu mzima. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Lilikuwa na matundu chini, na urefu wake wenyewe ulivuta hewa mpaka mawe ya chuma yakaiva. Kilichotoka kilisafishwa katika tanuri dogo la kuvukutwa, kisha mhunzi akafua jembe, shoka au mkuki. Padri Wyckaert aliandika kuhusu wahunzi wa huku katika jarida la Anthropos mwaka 1914, na Greig akaandika juu ya uyeyushaji wa Wafipa mwaka 1937.

Kwa muda mrefu, ukitaja chuma cha Ufipa ulikuwa umetaja malungu, maana ndiyo yaliyosimama na kuonekana. Kisha mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaonyesha katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995 kwamba ufundi haukuwa mmoja. Kando ya malungu alieleza aina nyingine, katukutu: matanuri mafupi yaliyovukutwa kwa mivukuto.

Tanuri fupi likibomoka haliachi mnara wa kupigwa picha. Linaacha mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo na, ukibahatika, sehemu ya ukuta uliopinda isiyofika hata theluthi ya duara. Ili kujua lilikuwa tanuri la namna gani, lazima kwanza ujue upana wake, na duara lenyewe halipo tena.

Hapo ndipo ugwe unapohitajika. Ugwe wa duara ni mstari ulionyooka unaounganisha nukta mbili za mzingo. Nyoosha kamba kutoka ncha moja ya ukuta hadi nyingine. Tuseme ni sentimita 160. Katikati ya kamba, pima moja kwa moja hadi ukutani. Tuseme ni sentimita 40. Mstari huo wa pili, ukiurefusha upande wa pili, utapita katika kitovu cha duara, hivyo ni kipenyo. Kanuni inasema ugwe mmoja ukikatwa na mwingine, vipande viwili vya wa kwanza vikizidishwa hutoa jibu lile lile la vipande viwili vya wa pili. Basi 80 mara 80 ni 6,400. Gawa kwa 40, unapata 160. Jumlisha 40 uliyokuwa nayo: kipenyo cha tanuri ni sentimita 200.

Kanuni hiyo ni pendekezo la 35 katika kitabu cha tatu cha Euclid. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria, hapa hapa Afrika, alitengeneza jedwali la urefu wa ugwe kwa pembe kuanzia nusu nyuzi hadi nyuzi 180, akalitumia kukokotoa mienendo ya nyota na sayari. Wahindi waliuita mstari huu jya, na Waarabu watar. Maneno yote mawili maana yake ni kamba ya upinde. Duara lilikuwa upinde, na mstari ulikuwa uzi uliovutwa. Mfipa mwenye upinde wake begani angeielewa picha hiyo bila kufafanuliwa.

Sisi tuliipokea kwa Kiingereza, ubaoni, kama kitu cha kujibia mtihani. Sikumbuki hata mwalimu mmoja aliyetuambia kwamba kuna ukuta uliovunjika popote unaosubiri hesabu hiyo. Hilo linanisumbua kuliko ugumu wa mtihani wenyewe. Mwanafunzi wa Kirando au Kipili anaweza kufaulu swali la duara asubuhi, na jioni akapita juu ya mavi ya chuma akidhani ni mawe tu.

Sisemi kamba na futi vitatuambia yote. Udongo uliofinyangwa kwa mikono hauwi duara kamili, kwa hiyo unapima mahali kadhaa na kulinganisha majibu. Upana pekee hautaji miiko iliyoshikwa, wala majina ya waliokesha motoni. Lakini unaweza kukuambia kwamba tanuri lililo mbele yako halilingani na yale ya kilima cha jirani, na swali la historia huanzia hapo.

Mvua na majembe haviwasubiri watafiti. Kama uko Nkasi na ukakuta ukuta wa udongo uliopinda, usiuchimbe wala usiuhamishe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda. Nyoosha kamba, andika namba mbili, piga picha, toa taarifa. Namba mbili zinatosha kurudisha duara zima, alimradi ukuta bado upo.