Yakisoba si Tambi za Kukaanga

Neno la Kijapani yakisoba likifika mezani kwa mfasiri wa Kiswahili, jibu la kwanza hupatikana bila jasho: tambi za kukaanga. Jibu lenyewe lina mantiki. Chakula hicho ni tambi kweli, nazo hupikwa kwa mafuta pamoja na kabichi, karoti na vipande vyembamba vya nyama, kisha hukolezwa sosi nyeusi yenye uchachu na utamu. Lakini istilahi ya upishi ina kazi ya ziada: inatakiwa kuuongoza mkono. Anayeisoma ajue ashike chombo gani, amimine mafuta kiasi gani, ageuze lini na aache lini. Kwa kipimo hicho, "tambi za kukaanga" humpoteza mpishi njia. Hoja ya makala haya ni kwamba jina la chakula libaki yakisoba, na kitenzi cha kueleza namna kinavyopikwa kiwe kuchoma, si kukaanga.

Tuanze na nusu ya pili ya neno. Soba ni bakwiti, mmea usio wa jamii ya ngano wala ya nafaka nyingine za nyasi, na pia ni jina la tambi za rangi ya kijivu zinazotokana na unga wake. Mfasiri akiishia hapo ataandika "tambi za bakwiti", na atakuwa amekosea, kwa sababu ndani ya yakisoba ya kawaida hamna bakwiti. Tambi zake ni za unga wa ngano uliokandwa kwa maji yenye kansui, yaani kaboneti za sodiamu na potasiamu, ambazo hulifanya donge livutike na kulipa rangi ya manjano. Asili yake ni China, ndiyo maana Wajapani huziita pia chuka soba, soba ya Kichina. Hivyo neno lilitoka kwenye mmea likahamia kwenye umbo, na kuhama huko kuliwahi kuzua mvutano rasmi. Mwaka 1976 Tume ya Biashara ya Haki ya Japani ilihoji iweje soba ya Okinawa iitwe soba ilhali ni ngano tupu, wakati kanuni ilitaka angalau asilimia 30 ya unga wa bakwiti. Watengenezaji wa Okinawa walilishikilia jina lao, na tarehe 17 Oktoba 1978 likakubaliwa kama jina maalumu. Siku hiyo sasa huadhimishwa kisiwani humo kuwa siku ya soba ya Okinawa. Ikiwa Wajapani wenyewe walilazimika kubishana kuhusu maana ya soba, mfasiri anayelitafsiri neno kwa kufuata asili yake anajitafutia makosa.

Kwa upande huu Kiswahili kina bahati, kwa kuwa tambi linataja umbo tangu mwanzo. Utambi wa taa na tambi za kupika vinafanana sura: kitu chembamba, kirefu, kama uzi. Ndiyo sababu tunasema tambi za ngano, tambi za mchele, hata zile tambi za dengu za kutafuna, bila mtu kulalamika kwamba jina limedanganya. Kwa hiyo hakuna ubaya kusema yakisoba ni aina ya tambi. Ubaya huanza pale tambi inapoungana na "za kukaanga", kwa maana pwani ya Afrika Mashariki jina hilo lina mwenyewe. Tambi za kukaanga ni zile nyembamba mno, zinazovunjwavunjwa, zikakaangwa kwa samli au mafuta mpaka zibadilike rangi, ndipo zikatiwa maji au tui, sukari, iliki na zabibu. Huliwa asubuhi, wakati wa kufuturu, au sikukuu ya Idi. Msomaji wa Zanzibar, Tanga au Mombasa akiona maneno hayo, ulimi wake unangoja utamu wa sukari na harufu ya iliki. Zaidi ya hapo, utaratibu wenyewe unapingana na wa yakisoba. Tambi za pwani hukutana na mafuta zikiwa kavu na mbichi, kisha hupikwa kwa maji. Tambi za yakisoba huwa zimekwisha kupikwa kwa mvuke kabla hazijagusa mafuta. Mpishi akifuata jina ataanza mwisho na kumalizia mwanzo.

Sasa tuje kwenye yaki, ambalo ndilo kiini cha mjadala. Linatokana na kitenzi yaku, na ukikifuatilia katika Kijapani cha kila siku utashangaa jinsi kinavyotembea sambamba na kuchoma kwetu. Yakiniku ni nyama ya kuchoma. Yakiimo ni viazi vitamu vya kuchoma. Yakitori ni mishikaki ya kuku. Yakimono, kwa maana yake mojawapo, ni vyombo vya udongo vilivyochomwa, kama sisi tunavyochoma vyungu na matofali. Hata ngozi ikiunguzwa na jua Mjapani hutumia neno la kitenzi hichohicho, nasi twasema jua linachoma. Kukaanga, kwa upande mwingine, hubeba mizigo ambayo Kijapani kimewagawia watu tofauti: kuzamisha chakula katika mafuta mengi ni ageru, kukaanga kwa mafuta kidogo huku ukigeuzageuza ni itameru. Ni kweli kwamba mpishi wa yakisoba hufanya itameru kwa muda fulani, hasa anapoanza na mboga. Lakini waliokipa chakula jina hawakuchagua kitenzi hicho. Walichagua yaku, na chombo kinachozoeleka cha chakula hiki ni teppan, bamba pana la chuma lililo bapa, ambalo juu yake kitu hulazwa kikaachwa kigusane na joto.

Kuna atakayesema kuchoma kunataka moto wa wazi, makaa au kuni, na hakuna mafuta. Matumizi ya Kiswahili yanamkatalia. Tunachoma chapati. Chapati huchomwa juu ya tawa, chuma bapa, kwa mafuta kidogo. Inalazwa, inaachwa mpaka itoe madoa ya kahawia, inageuzwa, inaachwa tena. Anayeigeuza kila sekunde huishia na chapati nyeupe iliyokauka. Basi hapo Kiswahili tayari kina kitenzi, chombo na adabu yote ya teppan, na hakuna haja ya kwenda kuazima popote.

Tofauti hii ya kitenzi inaonekana kwenye sahani. Kabichi ina maji mengi, na tambi zilizopikwa kwa mvuke zina maji pia. Madamu uso wa tambi umelowa, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100 za Selsiasi, kwa kuwa nguvu yote ya moto inaishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Rangi ya kahawia na harufu inayoandamana nayo huhitaji joto la juu zaidi ya hapo. Mtu anayekaanga akigeuzageuza bila kupumzika kwenye kikaango kidogo cha nyumbani huwa anapika kwa mvuke bila kujijua, na matokeo yake ni tambi zilizopondeka na kunata. Anayechoma hufanya vingine. Hukausha nyama na mboga kwa moto mkali, akaziweka kando. Hulaza tambi peke yake juu ya chuma chenye mafuta kidogo, akaziacha bila kuzigusa mpaka upande wa chini ufanye ukoko mwembamba, uleule tunaougombania chini ya sufuria ya wali, ndipo akazigeuza. Zikiwa bado zimeshikamana hunyunyizia maji kidogo sana ili ziachane, akangoja yakauke. Mwishowe hurudisha mboga na kumimina sosi, nyingine ikigusa chuma chenyewe ili ichemke na kuungua kidogo kabla ya kushika tambi. Maelekezo haya yote yamo ndani ya kitenzi kuchoma. Ndani ya kukaanga hayamo.

Mpishi wa nyumbani Afrika Mashariki atauliza, kwa haki, tambi zenyewe atazipata wapi. Swali hili linaonekana la jikoni tu, lakini linaigusa istilahi: je, akitumia spageti, bado ni yakisoba? Kikemia umbali si mkubwa. Kilichomo katika kansui ni ndugu wa magadi, yale yanayovunwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya na ambayo jikoni mwetu hulainisha maharage na makande. Spageti nyembamba ikichemshwa katika maji yaliyotiwa magadi soda, ile poda nyeupe ya kupikia, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa lita moja, hupata unyumbufu na ladha inayokaribia tambi za Kichina. Sosi nayo ina historia ya kuhamahama. Shina lake ni sosi ya Worcestershire ya Uingereza, iliyofika Japani zama za Meiji, kati ya 1868 na 1912, ikageuzwa kuwa nzito na tamu kwa kuongezewa matunda na mboga. Anayechanganya sosi ya Worcestershire, sosi ya soya, sosi ya nyanya na sukari kidogo hajatoka nje ya mkondo huo. Nyama inayozoeleka zaidi Japani ni ya nguruwe, lakini ngisi na kamba hutumiwa hukohuko, kwa hiyo asiyekula nguruwe hahitaji kuomba radhi. Jambo moja tu la kuangalia ni ile poda ya kijani inayonyunyizwa juu, aonori. Ni mwani, ila si ule unaolimwa Zanzibar kwa ajili ya viwanda; ukiukosa, uache.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye wivu wa lugha: kama Kiswahili kina tambi, kina kuchoma na kina tawa, kwa nini tusiseme "tambi za kuchoma" tukamaliza? Kwa sababu jina la chakula na maelezo ya chakula ni vitu viwili. Nyama choma imekwisha kulifunga neno hilo na makaa, na anayeona "tambi za kuchoma" kwenye orodha ya vyakula atabaki ameduwaa. Majina ya vyakula hubebwa na vyakula vyenyewe, ndivyo tulivyopokea pilau, biriani, chapati na sambusa, na hakuna anayedai leo kwamba vimeifukarisha lugha. Tena yakisoba ni mgeni asiye na usumbufu: silabi zake nne zote huishia na irabu, inatamkika kama ilivyoandikwa, inaingia ngeli ya i-/zi- bila kubadilishwa herufi. Wengine watapendekeza "tambi za Kijapani". Hilo ni pana mno, maana rameni, udoni na someni nazo ni tambi za Kijapani, na tambi nene za udoni zikipikwa kwa njia hiihii zina jina lao, yakiudoni. Tukiwa na jina bayana tunaweza kuzitenganisha.

Kuna pingamizi moja ambalo halipingiki, nalo linastahili nafasi. Ipo katayakisoba, ambayo tambi zake hukaangwa katika mafuta mpaka ziwe ngumu na kavu, kisha humwagiwa mchuzi mzito wa mboga. Hapo kukaanga ndicho kitenzi sahihi. Lakini Wajapani wenyewe wameitenga kwa kiambishi kata, chenye maana ya ugumu, ishara kwamba yakisoba bila kiambishi ni kitu kingine. Tofauti za miji nazo hazilivunji jina. Fujinomiya hutumia tambi ngumu zaidi, mabaki ya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa na unga wa dagaa wakavu. Yokote huweka yai la kukaanga juu na achari kando. Zote ni yakisoba, kwa sababu kinachoziunganisha ni tambi ya ngano na chuma bapa, si orodha ya viungo.

Kwa hiyo anayeandaa kitabu cha mapishi au faharasa ya istilahi za upishi anaweza kuanza na kidahizo hiki: yakisoba nm [i-/zi-] chakula cha Kijapani cha tambi za ngano zilizokwisha kupikwa, zinazochomwa kwa mafuta kidogo juu ya tawa au chuma bapa pamoja na mboga na nyama, na aghalabu kukolezwa sosi nyeusi yenye uchachu na utamu. Katika maelekezo, neno kukaanga libakie kwa mboga na nyama. Ikifika zamu ya tambi, aandike choma.