"Kinyume cha Maumbile": Nasaba ya Kirai cha Kisheria

Makala haya yanachunguza kirai kinachowahukumu wapenzi wa jinsia moja Kisumu. "Kinyume cha maumbile" hakikutokana na mila za Wajaluo wala sharia ya Kiislamu. Ni tafsiri ya maneno ya Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyotumika katika Himaya ya Afrika Mashariki kuanzia 1897. Kisumu ilihamishiwa humo kutoka Uganda mwaka 1902. Kanuni ya 1930 ilikihifadhi. Kifungu cha 162 huadhibu kwa miaka 14 gerezani. Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha kifungu hicho mwaka 2019, ilhali Mahakama ya Upeo, mwaka 2023, ilithibitisha haki yao ya kusajili chama. Chama ni halali. Mapenzi ni jinai. Mhakiki anayekisoma kirai hiki kama kauli ya wahenga anakipa nasaba isiyo yake.