Bepari wa Shakespeare

Mfanyabiashara anayetajwa katika jina la tamthilia ya Shakespeare ni mmoja tu, Antonio. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri akawafanya wengi: *Mabepari wa Venisi*, 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Bepari ni neno lililotujia na Wahindi. Kwa Kigujarati, vepari ni mfanyabiashara tu, mtu wa mizani na daftari. Kwetu siasa ikalinenepesha, likawa mnyonyaji. Basi Shylock, mla riba anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, akatiwa kapu moja na Antonio mwenyewe, mwenye merikebu zake baharini. Mwalimu angeweza kuandika “tajiri”. Sidhani kama kalamu ilimteleza.