Kanjo ilikufa 2013, mbona bado tunaikimbia?

Wasee wa Eastlands, swali moja. Mtu akipiga nduru "Kanjo!", mama mboga anakunja gunia, wa mitumba anabeba mzigo, wote mbio. Lakini kanjo yenyewe haipo tangu Machi 2013.

Kanjo ni City Council of Nairobi, jina tulilolikata likatosha mdomo. Huo mfumo Wazungu walitoa kwao. Hata Uingereza mabaraza hufa: yale ya wilaya za mashambani, yaliyoanza 1894, yalifutwa yote 1974. Huku kwetu mabaraza 175 yalifutwa kwa mpigo, zikaingia kaunti 47. Meya akatoka, gavana akaingia.

Sasa tembea Jogoo Road. Kaloleni, Bahati, Maringo, Jericho: nyumba za kanjo hizo, za kupangisha Waafrika waliofanya kazi mjini. Na lile jina Ofafa unalosikia makanga akiita? Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa jiji, akauawa 1953 wakati wa vita vya Mau Mau. Mitaa ikapewa jina lake. Tunaishi ndani ya kumbukumbu ya diwani na hatujui.

Mimi chuo niliacha, lakini hii hesabu ni rahisi. 1983 serikali ya Moi ilivunja baraza, ikaweka tume isiyochaguliwa na mtu. Nairobi ikakaa bila diwani wa kupigiwa kura hadi uchaguzi wa 1992. Karibu miaka 10 bomba likikauka, hukuwa na mtu wa kumnyima kura. 2020 tukaonja tena kidogo: kazi kubwa za kaunti zikapewa NMS, chini ya jenerali wa jeshi. Gavana na MCA walibaki, lakini kazi zilienda kwa mtu ambaye hakuna aliyempigia kura.

Kwa nini ikuhusu? Kanjo ilikufa, nyumba hazikufa. Kaunti ilirithi mali na madeni. Pangani ya zamani ishabomolewa, ghorofa zimepanda. Kwa wengi wetu, ushahidi kwamba guka au kuka aliishi hapa ni kadi ya nyumba na risiti zenye jina la baraza lisilokuwepo.

Kwa hivyo leo muulize mathako: kadi ya nyumba iko wapi? Piga picha, weka mahali salama. Halafu mjue MCA wako kwa jina, umsumbue. Ofisi hubadilishwa jina usiku mmoja. Anayekumbuka ilivyokuwa ndiye mgumu kuhamishwa.