Karamu ya Cleveland

Jumba kongwe kuliko yote la michezo ya kuigiza ya Wamarekani Weusi lina jina la Kiswahili, Karamu House, na liko Cleveland, jimboni Ohio. Russell na Rowena Jelliffe, mume na mke, Wazungu waliohitimu Chuo cha Oberlin, walilianzisha mwaka 1915 kama kituo cha mtaa kilichopokea watu wa rangi zote. Jukwaa halikuwapo, wala jina hilo.

Kikundi cha waigizaji watu wazima kiliundwa hapo mwaka 1920. Mchana walikuwa vibaruani, usiku mazoezini, na hakuna aliyelipwa. Miaka miwili baadaye Charles Gilpin, aliyevuma kwa mchezo wa The Emperor Jones, alipita Cleveland, akazungumza nao na kuwachangia dola 50. Pesa hizo haziezeki paa, hata kwa bei za wakati ule. Ila zilitoka kwa mtu wa fani yao, Mweusi mwenzao aliyekwisha kufika Broadway, na kikundi kikajiita Gilpin Players.

Mwaka 1927 wakapata jengo lililokuwa ukumbi wa mchezo wa puli, wakaligeuza kuwa jumba la maonyesho na kuliita Karamu. Mwaka 1941 kituo kizima kikachukua jina hilo. Mshairi Langston Hughes, aliyekuwa akifika hapo tangu alipokuwa mwanafunzi wa sekondari, alirudi na miswada yake ya tamthilia katika miaka ya 1930. Mmoja wao, Little Ham, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza hapo mwaka 1936.

Kisha moto. Mwaka 1939 jumba liliteketea, na kwa takriban miaka kumi kikundi kikawa hakina kwake. Wahisani wakubwa, Leonard Hanna wa Cleveland na Wakfu wa Rockefeller, walitoa fedha za ujenzi, na jengo jipya lenye kumbi mbili likafunguliwa mwaka 1949 kwenye barabara ya Quincy. Ni rahisi kuwasifu wahisani hao kwanza. Kwa maoni yangu mpangilio huo una kasoro: walipofungua pochi, walikuta kikundi kilichokwisha kucheza miaka kwa miaka bila mshahara na kujipatia watazamaji wake. Bila waigizaji hao, matofali yangejengewa nani?

Katika jengo hilo jipya ndimo Robert Guillaume alimojifunzia uigizaji. Msomaji huenda asimjue kwa sura, lakini sauti yake ameisikia: ndiye Rafiki, yule nyani mzee wa filamu ya The Lion King.