Siku tatu za Karlsruhe

Ukali wa siki unatokana na asidi ambayo mwanafunzi wa sekondari leo huandika fomula yake bila kuinua kichwa. Katikati ya karne ya 19 maprofesa walikuwa wakigombana juu ya fomula hiyohiyo. August Kekulé, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Ghent, Ubelgiji, alizikusanya katika kitabu chake cha kemia fomula zote zilizokuwa zimependekezwa kwa asidi hiyo. Zilifika 19.

Kiini cha ugomvi kilikuwa uzito wa atomi. Mwingereza John Dalton alikuwa amechukulia kwamba maji ni atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, yaani HO. Mizani inaonyesha kuwa katika maji kila gramu 1 ya haidrojeni huandamana na gramu 8 za oksijeni, basi waliomfuata Dalton wakaipa oksijeni uzito wa 8. Wengine walisema 16. Kaboni nayo ilikuwa 6 kwa huyu, 12 kwa yule. Mtu aliyesoma ripoti ya mwenzake ilimlazimu kwanza aulize: huyu anahesabu kwa mizani ya nani?

Kekulé akaona dawa ni kukutana. Alishirikiana na Charles-Adolphe Wurtz wa Paris na Karl Weltzien, mwenyeji wao aliyefundisha Karlsruhe, kusini mwa Ujerumani, na barua za mwaliko zikasambazwa Ulaya. Tarehe 3 Septemba 1860 wanakemia zaidi ya 120 wakajaa katika ukumbi wa bunge la dola ya Baden mjini humo. Wakongwe kama Robert Bunsen walikuwapo. Vijana pia walikuwapo: Lothar Meyer, Mjerumani, Alexander Borodin, Mrusi ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa muziki wake, na Mrusi mwingine wa miaka 26 aliyekuwa akisoma Heidelberg, Dmitri Mendeleev.

Wakajadili siku tatu. Atomi na molekuli ni kitu kimoja au viwili? Kemia ya madini na ile ya viumbe zinafuata sheria moja? Hotuba zilikuwa ndefu, na mwafaka juu ya uzito wa atomi haukupatikana. Tena palikuwa na waliohoji, na kwa haki kabisa, tangu lini ukweli wa sayansi ukapigiwa kura.

Aliyekuwa na jibu alikuwamo humohumo ukumbini. Stanislao Cannizzaro, Msisilia aliyewahi kukimbilia Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa kwao, alikuwa akifundisha Genoa. Alisimama akalitetea wazo la Amedeo Avogadro, Mwitalia mwenzake aliyefariki mwaka 1856: gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo ileile, zina idadi sawa ya molekuli. Avogadro alilitoa mwaka 1811, na kwa karibu nusu karne wengi walilipita tu.

Ukilikubali, hesabu yenyewe ni ya kushangaza kwa wepesi wake. Mvuke wa maji ni mzito mara 9 kuliko haidrojeni yenye ujazo sawa. Molekuli ya haidrojeni ina atomi mbili, basi uzito wake ni 2, na wa molekuli ya maji ni 18. Toa 2 za haidrojeni. Oksijeni inabaki na 16. Pima gesi nyingine zenye oksijeni: katika molekuli moja hutapata chini ya 16. HO ikafa, H₂O ikazaliwa.

Hotuba haikutosha kuwageuza waliohudhuria. Ila mkutano ulipokuwa ukivunjika, Angelo Pavesi wa Pavia aligawa nakala za kijitabu cha Cannizzaro kilichotoka mwaka 1858. Kilikuwa muhtasari wa masomo aliyokuwa akiwapa wanafunzi wake, na nadhani ndiyo maana kilieleweka: mwalimu huyu alikuwa ameshazoea maswali ya wasiojua. Meyer alikitia mfukoni, akakisoma safarini kurudi nyumbani na tena baadaye, na kwa maelezo yake mwenyewe shaka zikamtoka.

Mendeleev aliandika barua ya kuusimulia mkutano huo nchini kwake. Mwaka 1869, akitumia uzito mpya wa atomi, alipanga elementi 63 zilizojulikana katika jedwali lake, akaacha nafasi wazi kwa zile alizoamini hazijapatikana. Mojawapo, galiamu, ilipatikana mwaka 1875 na Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, aliyetangaza kuwa densiti yake ni 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuigusa, alimjulisha kutoka Urusi kwamba inapaswa kukaribia 5.9 na kwamba sampuli yake huenda ina uchafu. Mfaransa aliisafisha, akapima upya, akapata 5.9.